Falsafa ya Wazee, Nguzo au Pingu? Mafundisho ya Confucius na Mabaraza ya Mbeere na Meru

Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo aghalabu hufundishwa mbalimbali ilhali zinafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ya pili husema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali ya kwanza humpa mzee dhamana ya kuihifadhi jamii. Ya pili humkumbusha mzee huyo kwamba hekima haikukabidhiwa rika moja peke yake. Nchini China, mvutano baina ya mawazo haya mawili umeandamana na jina la mwanafalsafa Confucius kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wapo wanaomtaja kuwa ndiye aliyeupa ustaarabu wa Kichina uti wa mgongo. Wapo pia wanaomlaumu kwa kuufunga ustaarabu huo miguu usitembee na wakati.

Swali hilo halikuishia China. Kiambere, katika nyanda kame za kusini mwa Embu, na hata kaskazini katika milima ya Meru, limeulizwa pasipo jina la Confucius kutajwa: je, falsafa ya kuwatii wazee imeijenga jamii au imeikwaza? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuyalinganisha mafundisho ya Confucius na historia ya mabaraza ya wazee wa Mbeere na Meru. Hoja inayotetewa ni kwamba heshima hujenga pale inapomfunga mkubwa na mdogo kwa pamoja, na hukwaza pale inapomfunga mdogo peke yake.

Confucius na msingi wa mafundisho yake

Confucius aliishi kati ya mwaka 551 na 479 K.K. Alizaliwa katika dola ndogo ya Lu, karibu na mji wa Qufu, wakati ambapo madola ya China yalikuwa yakipigana na watawala wakiangushana. Mafundisho yake yaliyokusanywa na wafuasi wake yanajengwa juu ya dhana chache. Mojawapo ni ren, dhana ambayo kwa Kiswahili haipatiwi neno linaloikaribia zaidi ya utu. Nyingine ni li, yaani adabu na taratibu za kuishi na watu. Ya tatu ni xiao, utii na huduma ya mtoto kwa wazazi wake.

Jambo linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba katika mafundisho hayo ya awali wajibu ulikwenda pande mbili. Baba alitakiwa kuistahili heshima ya mwanawe, na mfalme kulistahili jina la ufalme. Mwana aliyemwona mzazi wake akikosea alitarajiwa kumwonya kwa upole, na mshauri wa mfalme alitarajiwa kumwambia mkubwa wake ukweli ana kwa ana. Mencius, aliyeyaendeleza mafundisho haya katika karne ya 4 K.K., alikwenda mbali zaidi na kufundisha kwamba mtawala anayewaangamiza watu wake amekwisha kuupoteza ufalme hata kama bado amekalia kiti.

Mafundisho haya yaligeuzwa sura yalipoingia ikulu. Chini ya mfalme Wu wa nasaba ya Han, aliyetawala kuanzia mwaka 141 hadi 87 K.K., fikra za Confucius zilifanywa kuwa elimu rasmi ya dola. Katika enzi hiyo ndipo uliposhika nguvu mkazo wa mafungamano matatu: mfalme juu ya waziri, baba juu ya mwana, na mume juu ya mke. Palipokuwa na kupokezana pakawa na ngazi. Aliyeketi ngazi ya juu alibaki na haki, na wa chini akabaki na wajibu.

Ushahidi wa pande mbili

Wanaosema kwamba Confucius aliusaidia ustaarabu wa China wana ushahidi mzito. Mfumo wa mitihani ya kuwateua watumishi wa serikali, ulioanza katika nasaba ya Sui na kudumu hadi mwaka 1905, ulijengwa juu ya vitabu vya mapokeo yake. Kimsingi, mtoto wa mkulima aliyesoma kwa bidii aliweza kuwa afisa wa mfalme, jambo ambalo katika falme nyingi za dunia lilitegemea damu ya mtu. Aidha, enzi ya nasaba ya Song (960–1279), ambapo wasomi wa Confucius walikuwa na nguvu kubwa serikalini, ndiyo enzi ambayo uchapaji wa vitabu ulienea, dira ikatumika baharini na baruti ikatumika vitani. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba mafundisho yale, kwa asili yake, yalikuwa adui wa uvumbuzi.

Wanaopinga nao wana lao. Mitihani hiyo haikumfungulia mwanamke mlango. Kadiri karne zilivyopita, ilizidi kupima ufundi wa kukariri na kupanga insha kwa kanuni ngumu, huku hesabu na sayansi zikibaki pembeni. Safari za Zheng He ni mfano unaoihusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kati ya mwaka 1405 na 1433 merikebu zake zilivuka Bahari ya Hindi mara saba, na baadhi zikafika pwani hii. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimkabidhi mfalme Yongle twiga. Maafisa wasomi walimpokea mnyama yule kama qilin, kiumbe wa hadithi anayesemekana kujitokeza pale dola inapotawaliwa na mtu mwema. Mnyama wa mbuga za Afrika alifasiriwa kuwa ni sifa ya mfalme, na nchi alikotoka haikuzua udadisi mkubwa. Baada ya safari ya mwisho, merikebu zile hazikutumwa tena.

Hata hivyo, kuwalaumu wafuasi wa Confucius pekee kwa kukoma kwa safari hizo ni kurahisisha mambo. Safari zilikula hazina ya nchi, Wamongolia walikuwa tishio mpakani kaskazini, na maafisa wasomi walikuwa na uhasama wao na matowashi wa ikulu, ambao Zheng He alikuwa mmoja wao. Falsafa iliwapa wapinzani maneno ya kusema; sababu zilikuwa nyingi.

Mwaka 1919 vijana wa Beijing walipoandamana katika harakati ya Mei Nne, wengi wao walikuwa wamekwisha kuamini kwamba China haitasimama hadi Confucius aanguke. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu walikwenda Qufu kuharibu hekalu na makaburi ya ukoo wake. Miongo minne haikupita kabla ya serikali ya chama kilekile kuanza kulitumia jina lake ulimwenguni: mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius ya kwanza katika bara la Afrika. Mtu mmoja hawezi kuwa nguzo, kisha pingu, kisha nguzo tena, ila ikiwa kinachobadilika ni matumizi yake.

Kiambere na utaratibu wa Wambeere

Mlima wa Kiambere uko Mbeere Kusini, karibu na mto Tana. Mvua huko ni ya kubahatisha. Watu hutegemea mtama, kunde, pojo, mbuzi na nyuki, na mti wa mukau huthaminiwa kwa mbao na mizinga. Katika mazingira kama hayo, ugomvi juu ya mpaka wa shamba au mbuzi aliyepotea si jambo dogo, kwani ukiachwa huweza kuziangamiza koo mbili. Ndiyo maana falsafa ya wazee ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kabla ya Waingereza kuishinda Embu mwaka 1906 na kuueneza utawala wao, Wambeere hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee, na watu waliunganishwa na koo zilizoitwa muviriga. Zaidi ya hayo, jamii iligawanyika katika vizazi viwili vilivyopokezana, Nyangi na Thathi. Kizazi kimoja kilishika dhamana, hasa ya mambo ya ibada, kisha kikaikabidhi kwa kingine kwa sherehe. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyefanya utafiti Mbeere, aliuandikia utaratibu huu makala mwaka 1976.

Umuhimu wa utaratibu huo unaonekana vyema ukilinganishwa na China. Mzee wa Mbeere aliheshimiwa, lakini muda ulimwekea mpaka. Alijua kwamba siku itafika atakapokabidhi, na kwamba kijana anayemsikiliza leo ndiye atakayeketi mahali pake kesho. Kupokezana kule kulikuwa ni adabu iliyomfunga mkubwa. Confucius alitumainia dhamiri ya mtawala; Wambeere waliongeza kalenda.

Ukoloni uliivuruga mizani hiyo. Serikali iliteua machifu, ikawalipa mshahara na kuwapa kazi ya kukusanya kodi. Chifu hakuwa na kizazi cha kumkabidhi, na bosi wake alikuwa bwana mkubwa wa wilaya. Sherehe za kukabidhi zilififia na hatimaye kukoma. Utii ukabaki, kikomo chake kikaondoka. Hapo mtu angeweza kusema kwamba "mila" ndiyo inayowakandamiza vijana, kumbe nusu ya mila hiyo ilikuwa imekwisha kukatwa.

Suala la ardhi lilileta mtihani wa pili. Chini ya sheria ya mwaka 1968 ya kuamua na kusajili umilikaji wa ardhi, kila koo ilipaswa kuthibitisha kwamba eneo fulani ni lake. Ushahidi uliotumika ulikuwa ni masimulizi ya wazee: nani alifyeka msitu kwanza, babu wa nani alizikwa wapi, nani ni ndugu wa nani. Katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ardhi na matumizi ya mapokeo miongoni mwa Wambeere, Glazier anaonyesha jinsi nasaba zilivyosimuliwa upya kulingana na mahitaji ya kesi. Neno la mzee, ambalo zamani lilikuwa dawa ya ugomvi, liligeuka kuwa silaha ndani yake. Mzee mmoja aliapa hivi na mwingine akaapa vile, na wote wawili walidai kusema kwa niaba ya wahenga. Bwawa la Kiambere lilipokamilika kwenye mto Tana mwaka 1988 na maji kuyafunika mashamba, thamani ya kuwa na hati ilionekana wazi zaidi, na pia hasara ya yule ambaye jina lake halikutajwa barazani. Wanawake walikuwa wengi katika kundi hilo, kwani ardhi ilisajiliwa aghalabu kwa majina ya waume, baba na wana.

Njuri Ncheke na amri ya mwaka 1956

Kaskazini mwa Mbeere, Wameru walikuwa na baraza lenye sauti pana zaidi, Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru katika Tigania. Katika miaka ya 1930 bwana mkubwa wa wilaya ya Meru alikuwa H. E. Lambert, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa utafiti wake kuhusu lahaja za pwani kama Chijomvu, Chichifundi na Kivumba. Lambert aliamini kwamba utawala ungepata mizizi iwapo ungepitia taasisi ya wenyeji, naye akaitia Njuri katika mfumo wa serikali. Kwa upande mmoja, baraza liliokolewa lisipuuzwe. Kwa upande mwingine, liliwekwa mahali ambapo wasomi wa Confucius waliwekwa na nasaba ya Han: karibu na kiti, na kwa hiyo mbali na watu.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari. Kwa kuhimizwa na serikali, wazee wa Njuri walipiga marufuku tohara ya wasichana. Leo watu wengi wangekubali kwamba lengo la amri hiyo lilikuwa jema. Lakini jando la wasichana lilikuwa mikononi mwa wanawake wazee na baraza lao, na amri ilitolewa na wanaume pasipo wao. Wasichana wengi waliasi. Walichukua nyembe na kutahiriana wenyewe, wakajulikana kwa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuikiuka amri hiyo. Amri ya kuwalinda wasichana iliwafanya wasichana kuumizana vichakani.

Historia ya China ina tukio linalofanana na hili. Desturi ya kufunga miguu ya wasichana haikufundishwa na Confucius, ingawa ngazi ya utii iliyobeba jina lake iliihifadhi. Mwaka 1664 serikali ya Qing iliipiga marufuku, na mwaka 1668 ikaiondoa marufuku hiyo kwa kuwa watu hawakuifuata. Desturi ilianza kuporomoka mwishoni mwa karne ya 19, pale wazazi walipoanza kuunda vyama na kuahidiana kwamba hawatawafunga binti zao miguu, wala hawatawaoza wana wao kwa wasichana waliofungwa. Ahadi ya majirani ilifanikisha lile ambalo tangazo la mfalme lilishindwa.

Vivyo hivyo, mwaka 1996 familia za Tharaka, kwa ushirikiano na Maendeleo ya Wanawake, zilianzisha jando lisilo na wembe lililoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Mafunzo yalibaki, nyimbo na zawadi zikabaki, kisu kikaachwa. Mama, shangazi na nyanya walishiriki katika kuamua. Mwaka 2009 Njuri Ncheke nayo ililaani ukeketaji kwa mara nyingine, miaka miwili kabla ya sheria ya kitaifa ya mwaka 2011 kuupiga marufuku. Tofauti ya mwaka 1956 na miaka hii ni kwamba safari hii mazungumzo yalikuwa yametangulia amri.

Mzee mlinzi na mzee mhoji

Tofauti hiyo inaweza kuelezwa vizuri kwa kutumia fikra za Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika kitabu chake kuhusu falsafa ya wenye hekima, kilichochapishwa mwaka 1990, Oruka aliwagawa wazee wenye hekima katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wanaoyajua mapokeo ya jamii na kuyasimulia bila kuyatoa kasoro. Kundi la pili ni la wanaoyajua mapokeo hayohayo lakini wakayapima kwa akili zao, wakakubali haya na kukataa yale. Miongoni mwa aliowahesabu katika kundi la pili ni Stephen M'Mukindia Kithanje kutoka Meru.

Mgawanyo huu unabatilisha dhana kwamba anayehoji mila lazima awe kijana au mtu aliyesoma ng'ambo. Mzee asiyejua kusoma huweza kuwa mhoji, na profesa huweza kuwa mlinzi tu. Confucius mwenyewe, aliyejieleza kama mpokeaji wa mambo ya kale, alifundisha kwa maswali na kumtarajia mwanafunzi aliyeonyeshwa pembe moja ya jambo azitafute zilizobaki. Mitihani iliyofuata ilimtaka mwanafunzi kukariri pembe zote nne. Alikuwa mhoji, dola ikamfanya mlinzi.

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili pia. Kithaka wa Mberia, mshairi na mtunzi mwenye asili ya Tharaka, katika tamthilia yake ya Natala (1997) anamchora mwanamke anayepinga kurithiwa na kunyang'anywa mali baada ya habari za kifo cha mumewe. Natala ameishi ndani ya jamii yake na anaifahamu. Anaidai ile nusu ya mila iliyokatwa: wajibu wa mkubwa kwa mdogo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la iwapo Confucius aliusaidia au aliukwaza ustaarabu wa China halina jibu moja, kwa kuwa falsafa moja ilitumika kwa njia mbili. Ilisaidia pale ilipomtaka mkubwa aistahili heshima na kumpa mdogo nafasi ya kumwonya. Ilikwaza pale dola ilipoichukua na kuigeuza ngazi. Historia ya Mbeere na Meru inathibitisha jambo hilohilo, tena kwa uwazi zaidi, kwa kuwa huko kikomo cha mamlaka ya wazee kilikuwa sehemu ya mila yenyewe hadi kilipoondolewa.

Suala hili lina uzito leo. Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinazitaka mahakama kuendeleza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke haki za kimsingi. Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya kuendeleza mifumo mbadala ya haki. Mzee wa Kiambere ameitwa tena barazani, na serikali ndiyo iliyomwita, kama ilivyomwita mzee wa Njuri katika siku za Lambert. Mjane anayeamkia baraza hilo kudai kipande cha shamba ana haki ya kuuliza iwapo ataruhusiwa kusema, na iwapo aliyekalia kiti ana siku ya kukiacha.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Kwa muda mrefu utafiti wa nyanjani umekuwa wa kukusanya methali na visa vya wazee, kisha kuviorodhesha kama vitu vilivyokamilika. Kazi hiyo ina faida, lakini humhifadhi mzee mlinzi na kumwacha mzee mhoji. Inafaa mtafiti anayekwenda Kiambere arekodi pia mabishano: nani alimpinga nani, kwa hoja gani, na baraza liliafikiana vipi. Huko ndiko zinakokutana zile methali mbili. Neno haliharibiki penye wazee ikiwa wazee hao hawajasahau kwamba na wanaowasikiliza wana nywele zao.